Kamusi Iliyoishia kwa Chatu

Siku mliponiaga, walimu wenzangu, mvua ilipiga mabati kiasi kwamba hotuba yangu ilisikika kwa mtu mmoja tu, naye alikuwa anakata keki. Mkaniomba niiandike. Sikumbuki nilichosema, kwa hivyo naandika kingine. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mwalimu Rono, aliyefundisha Kiswahili akiketi meza ya jirani na yangu miaka yote hiyo, aliweka dau la soda moja kwamba mwalimu wa Kiingereza hawezi kumaliza kurasa chache bila kukimbilia Kiingereza chake. Maneno ya Kiingereza mtakayoyakuta humu ni mzigo ninaousafirisha tu, na Rono amekubali yasihesabiwe.

Habari za vyeo nitaziruka. Nilipandishwa walipokumbuka, na mshahara ulikuja ukaenda. Nitakayowaachia ni ya darasani, hasa habari ya yale maneno machache ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U, kwa kuwa hakuna jambo lililonifundisha kazi hii kuliko hayo.

Nilitoka upande wa Kisii mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikapangiwa shule ya msingi iliyo juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka soko la Sosiot. Pande zote ni majani chai ya wakulima wadogo, na kila boma lina ng'ombe wawili watatu wanaowatazama wapita njia kama wakaguzi wa shule. Aliyenipokea ni Mwalimu Bett, mzee wa Kiingereza aliyekuwa amebakiza mihula michache astaafu. Alinikabidhi vifaa vya kazi: sanduku la chaki, kifutio cha gunia lililokunjwa, na kamusi iliyovikwa karatasi ya mfuko wa unga.

"Hii ndiyo jembe yako," akasema. "Lakini imevunjika mpini."

"Imevunjika wapi, Mwalimu?"

"Inaanza A, inaisha kwa chatu."

Nikafungua mwisho. Kweli, neno la mwisho lilikuwa PYTHON. Baada ya hapo palikuwa na uzi wa jalada na gundi iliyokauka. Q mpaka Z hazikuwepo.

"Na mtoto akiuliza neno la S?"

"Mwambie ni zoezi la nyumbani," Bett akajibu. "Wewe utakuwa na usiku mzima wa kulitafuta."

Hakuna walioafikiana jinsi kurasa zile zilivyopotea. Bett alilaumu paa lililovuja. Mwalimu Mkuu, Bwana Koskei, alimlaumu mwalimu aliyehamishwa, kwa kuwa hakuwepo kujitetea. Watoto walikuwa na maelezo bora zaidi: walisema yule chatu ndiye aliyezimeza. Mimi nawaambia tu kwamba hamjui mnavyoitegemea herufi ya S mpaka siku muikose.

Bett alikuwa na sheria moja, nami niliirithi pamoja na jembe. Mtoto akikuletea neno jipya, haliandikwi ubaoni mpaka aseme maana yake, kisha alitumie kwa jambo la nyumbani kwao. Si jambo la London wala la kitabuni. La kwao. Siku zangu za kwanza niliona anapoteza wakati. Kisha nikasikia msichana wa darasa la tano akieleza neno DRIZZLE kwa kusema ni mvua ambayo mama hakubali iwe sababu ya kutokwenda kuchuma. Kamusi yenyewe haikufika hapo.

Bett akastaafu. Mwaka uliofuata akatokea Chelangat.

Chelangat alikuwa mtoto wa mkulima mdogo wa chai, mwembamba, mwenye tabia ya kusoma hata maandishi ya kwenye gunia la mbolea. Alikuwa darasa la sita alipoanza kuniomba kamusi wakati wa mapumziko. Nikadhani anatafuta maneno ya kazi aliyopewa. Muhula ukapita, na wa pili, kisha siku moja akanirudishia, akasimama mbele ya meza yangu.

"Madam, nimefika chatu."

"Umefika wapi?"

"Kwa chatu. Nimesoma yote. Ile ingine iko wapi?"

Rono alikuwa anasahihisha insha hapo karibu. Kalamu yake ikasimama. Nikamuuliza Chelangat maneno mawili matatu ya M, nikitumaini nimemshika. Alinijibu yote, kisha akangoja, kama mtu anayengoja chenji.

Sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu huanzisha klabu. Fundi seremala wa Sosiot alitukatia vipande vya mbao, watoto wakaviandika herufi, tukavitia kwenye mfuko wa sukari. Mchezo ni kuvuta herufi na kupanga maneno mezani. Waliojiunga walikuwa wengi mpaka walipogundua ni kazi. Waliobaki na kung'ara ni watatu: Chelangat, Kipkoech, mvulana mwenye ulimi mwepesi aliyependa kushinda hata kwenye kupanga foleni, na Nyaboke, msichana mkimya aliyetunza hesabu ya pointi.

Wakati huohuo zoni yetu ya elimu ikatangaza shindano la maneno kati ya shule, na zawadi ikatajwa: kamusi kubwa, nzito kama tofali, kutoka A hadi Z. Mwalimu Mkuu Koskei alifurahi mpaka akamwagiza seremala yuleyule sanduku la kuihifadhi, lenye kufuli. Chelangat aliuliza tu kama itaruhusiwa kutoka nje ya sanduku wakati wa likizo.

Basi nikaanza kuwaandaa. Katika shindano hilo Q ilikuwa na pointi nyingi kuliko herufi yoyote, na U zilikuwa chache. Timu nyingi zilikuwa zikiivuta Q na kubaki nayo mkononi mpaka mwisho, kama mgeni asiyetaka kwenda. Nikajiambia, lazima kuna maneno ya Q yasiyohitaji U. Kamusi yangu haikuweza kunisaidia. Jumamosi moja nikashuka Kericho mjini kwa rafiki yangu anayefundisha sekondari, akanifungulia kamusi kubwa ya maktaba yao. Nikasimama pale rafuni nikinakili mpaka mtunza maktaba akaanza kuzima taa kwa makusudi.

Jumatatu nikayaandika maneno yangu kwenye kadibodi, nikiyatamka kwa fahari. QADI, hakimu wa Waislamu. FAQIR, mtu maskini anayeishi kwa ibada. TALAQ, kuachana kwa mume na mke. WAQF, mali iliyowekwa kwa ajili ya dini. QIBLA, upande wanaoelekea wanaposali. QAT, majani yanayotafunwa yakafukuza usingizi. QANAT, mfereji wa chini ya ardhi unaoleta maji kutoka milimani mpaka nchi kavu.

Rono akasogea na kikombe chake cha chai. Akayasoma moja moja huku akitikisa kichwa kwa huruma.

"Madam, hii umetoa wapi?"

"Ni Kiingereza, Mwalimu. Cha ndani."

"Cha ndani kabisa. Hii ni kadhi. Hii fakiri. Hii talaka. Hii wakfu, hii kibla." Akanywa funda. "Umeenda mpaka Kericho, umelipa nauli, ukaniletea Kiswahili kimevaa tai."

Nikaenda kuchukua kamusi yake ya Kiswahili ili nimwonyeshe amekosea. Hakuwa amekosea. Maneno yale matano yote yalikuwa humo kwenye K na mahali pake pengine, na kamusi yake haikukosa hata ukurasa mmoja, jambo alilolitaja kila siku kwa majuma kadhaa. Waingereza na Waswahili walikuwa wamenunua duka moja, kwa Waarabu, kila mmoja akapeleka kwake. Zilizobaki ni qanat, ambayo hata Rono hakuipata, na qat, iliyotushinda mpaka Nyaboke aliponong'ona, "Si hiyo ni miraa?"

Tangu hapo mambo yakawa rahisi. Watoto walikuwa na nusu ya yale maneno vinywani tayari bila kujua. Kila mchana baada ya masomo tulikaa kuzunguka meza, Rono akija "kupita tu", na kila neno likapewa maana na sentensi ya nyumbani. Kipkoech alisema kwao kadhi ni nyanya yake, kwa maana hakuna kesi ya ng'ombe kuingia shambani inayokatwa bila yeye.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulifundisha. Mwenyeji wa huku ataniwia radhi nikilieleza, kwa maana kwake ni la kawaida. Jioni wakulima hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, wanamwaga vikapu juu ya magunia, na kabla karani hajapima kila mtu huchambua, akitoa jani gumu na shina, abakize majani mawili na chipukizi. Lakini mtu hachambui yake peke yake. Akimaliza yake anaingiza mkono kwenye ya jirani. Haombi ruhusa, na mwenye majani hashukuru. Majani yote yatapakiwa lori moja, na kiwandani wakikuta magumu hawatauliza ni ya nani. Kituo kizima kitarudishiwa majani yake. Watoto wetu walikua wakifanya hivyo kabla hawajajua kusoma. Na mezani kwangu wakafanya vivyo hivyo. Mmoja akikwama kwenye maana, mwingine aliingiza mkono kwenye herufi zake, akasogeza, akanong'ona maana, akaendelea na zake. Hata walipogawanyika timu mbili. Nilifurahi sana. Nikajisifu kwa Rono kwamba nimewafundisha ushirikiano.

Shindano lilifanyika Sosiot, katika ukumbi wa kanisa. Afisa wa zoni alisoma sheria. Timu ikiweka neno, wapinzani wanaweza kulipinga. Likipingwa, itolewe maana na sentensi kabla mwamuzi hajahesabu kumi. Ikikosekana, neno linaondolewa na pointi zinahamia kwa waliopinga. Ile kamusi iliwekwa mbele, juu ya kitambaa cheupe, kama mkate wa meza ya Bwana. Koskei alikuja na karatasi kubwa ya nailoni kwapani. Nilipomuuliza ya nini, akasema mawingu ya huku hayajui kitabu kipya.

Hadi saa sita tulikuwa tumebaki sisi na Sigowet. Nahodha wao alikuwa msichana mrefu aitwaye Cherotich, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kipkoech aliweka WAQF, ikapingwa, akaitetea bila kupumua. Chelangat akaweka QADI. Upande wa Sigowet mwalimu wao akaanza kujifuta jasho. Nyaboke akanionyesha pointi: tulikuwa mbele kidogo, na mfuko wa herufi ulikuwa karibu kuisha. Neno moja, mawili, kamusi iende kilimani.

Cherotich akavuta herufi, akazitazama kwa muda, kisha akapanga: QANAT.

Nikamtazama mwalimu wao. Naye alikuwa ameenda kwenye rafu fulani kunakili. Lakini Kipkoech alikuwa anamtazama Cherotich, na aliona nisichokiona: alivyozipanga zile herufi bila furaha, kama mtu anayebeba mzigo wa mwingine.

"Tunapinga," akasema.

Cherotich akafungua kinywa, akakifunga. Alikuwa amepewa neno bila maana. Mwamuzi akaanza kuhesabu, polepole, kwa wema. Kipkoech alikuwa ameshanyoosha mgongo wake. Koskei alikuwa ameanza kuikunjua nailoni.

Kwenye saba nikaona mkono wa Chelangat ukitoka. Ulivuka meza, ukagusa herufi za Sigowet, ukanyoosha T iliyokuwa imepinda. Na kichwa chake kikafuata mkono.

"Mfereji," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kituoni. "Wa chini ya ardhi. Unaleta maji kutoka mlimani."

Cherotich alilidaka kabla halijafika chini. "Qanat ni mfereji wa maji chini ya ardhi," akamwambia mwamuzi. "Kule Soin wanahitaji qanat, kwa sababu mto uko chini na ng'ombe wako juu."

Sentensi nzuri, nakiri. Bett angeiandika ubaoni.

Ndipo Chelangat alipouona mkono wake uko wapi. Akaurudisha polepole, akauweka chini ya meza.

Mwamuzi alisoma sheria, akazisoma tena, akamwita afisa. Wakanong'onezana. "Sheria inasema maana itolewe," afisa akatangaza hatimaye. "Haisemi itolewe na nani. Neno limepita." Pointi za Q zikaenda Sigowet, herufi zilizobaki hazikutosha kitu, na kamusi ikaenda Sigowet pia.

"Wewe ni wa timu gani?" Kipkoech akamuuliza Chelangat. Hakungoja jibu. Alitoka akaenda kusimama barazani, akitupa mgongo.

Koskei alimjia Chelangat, uso umekunjamana. "Mtoto, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilijikuta tu, Mwalimu. Mkono ulishaingia."

"Mkono uliingia." Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesifu ushirikiano. Akasimama pale na nailoni yake. Kisha akapumua, akavuka ukumbi mpaka kwa mwalimu wa Sigowet. "Chukua hii, Madam," akamwambia. "Mvua inakuja, na barabara yenu ni mbaya. Utanirudishia siku nyingine."

Wenzangu, mtakutana na mtoto wa namna hiyo. Mtataka kumwambia kwamba mashindano si kituo cha majani, na mtakuwa mnasema kweli. Mimi nilifungua kinywa kumwambia hivyo, nikamwona jinsi anavyokitazama kile kitabu kikifungwa kwenye karatasi ya mwalimu wake mwenyewe. Alijua alichotoa kuliko sisi sote. Nikafunga kinywa. Muhula uliofuata niliwafundisha klabu nzima kukalia mikono, na haikuwasaidia sana. Kamusi kamili ilitufikia miaka baadaye, kwa njia ya kawaida isiyo na hadithi.

Lakini siku ile ukumbini, Cherotich ndiye aliyeizuia ile nailoni. "Ngoja kwanza, Madam," akamwambia mwalimu wake, akakitoa kitabu, akakiweka kwenye benchi na kukifungua. "Wewe," akamwita Chelangat, "kuja tuone kama ulinidanganya."

Chelangat akaenda. Walikaa wawili wakainama, kisha wenzao wa Sigowet na Nyaboke wakawazunguka. Sikusikia yote. Nilisikia wakicheka kwenye qintar, ambayo kumbe ni pesa ndogo ya Albania. Chelangat alikuwa anasoma kwa haraka, kidole kikishuka ukurasa, kama mtu anayekula akijua wenye chakula wako njiani. Walimaliza Q. Akafungua R. Matone ya kwanza yakagonga mabati, na mwalimu wa Sigowet akasema sasa yatosha.

Tulirudi kwa miguu, tukikata njia ya mkato katikati ya majani chai. Kipkoech alitangulia mbali, mabega juu. Koskei alikuwa nyuma akilalamikia viatu. Tukapita kituo, ambacho saa hiyo kilikuwa kitupu, magunia yamekunjwa kwenye ukuta.

"Qintar ni nini?" Kipkoech akauliza bila kugeuka.

"Si umekasirika?" Chelangat akajibu.

"Bado nimekasirika. Nimesikia mkicheka. Ni nini?"

"Pesa ya Albania. Kidogo, kama ndururu."

"Na qoph? Nilisikia mkiitaja."

"Herufi ya Waebrania. Ndiyo Q yao."

"Inafuatwa na U?"

"Hawakuandika."

"Kitabu chote hicho na hawakuandika." Akapiga teke jiwe. "Mlifika R?"

"Kidogo. Kuna rabbet. Si sungura. Ni ule mfereji mdogo fundi anachonga kwenye fremu ya dirisha, kioo kikae."

Mvua ikaanza kuwa nzito, ile inayofanya watu wakimbie. Kipkoech hakukimbia. Alipunguza mwendo mpaka Chelangat akamfikia.

"Na ile ingine?" akauliza.